Gololi Chini, Mabeseni Juu

Mei 2017 neno kontena lilihamia vijiweni. Tarehe 24 ya mwezi ule kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais John Magufuli ripoti kuhusu makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yaliyokuwa yamezuiwa Dar es Salaam. Kwa kuwa mchanga ule ulitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, hapa Kahama kila mwenye kikombe cha kahawa alikuwa na neno lake. Swali lilikuwa moja: humo ndani mna nini?

Siku hizi makontena yanayotunyima usingizi ni yale yanayokuja. Muuza vyombo wa Kahama, muuza pampu wa Katoro, mwenye karasha wa Nyarugusu, wote wamekwisha kuijua njia ya China, wachache kwa kupanda ndege, wengi kwa simu ya mkononi. Ukishalipia bidhaa, msafirishaji anakuuliza: unachangia au unachukua zima? Ukichangia, mzigo wako unapangwa pamoja na wa watu wengine ndani ya kontena moja, nawe unalipia nafasi uliyokula kwa CBM, yaani mita ya ujazo. Ukichukua zima, kontena linafungwa kwa lakiri moja kwa jina lako, lijae lisijae ni shauri lako.

Wengi hujibu kwa kupapasa mfuko tu. Lakini huku kwetu swali hilo lina mambo mawili ambayo mtu wa Kariakoo hana haja ya kuyawaza: kilomita karibu elfu moja kutoka bandarini, na mizigo ya machimbo ambayo uzito wake haulingani hata kidogo na ukubwa wake.

Kwa ajili ya mjadala huu nimewaketisha wahusika watatu wa kubuni kwenye benchi la mama ntilie, Kahama, saa kumi jioni, malori ya Rwanda na Burundi yakipita. Nimewaita kwa kazi zao. Mama Vyombo anauza mabeseni, ndoo, sufuria na chupa za chai. Mzee Karasha ana karasha mbili, yaani mashine za kusaga mawe ya machimbo, upande wa Geita, na siku hizi anawauzia wenzake gololi za kusagia mawe. Wakala ni kijana wa Shinyanga mjini anayefanya kazi ya forodha Dar es Salaam. Amekuja nyumbani kusalimia.

MAMA VYOMBO: Mimi nasema wazi, nachangia na nitaendelea kuchangia. Mtaji wangu ni wa mzunguko. Pesa ikilala, na mimi nimelala. Wakulima wakishauza pamba na mpunga, watu wananunua. Machimbo yakitoa, Katoro inachangamka. Nataka mzigo wa CBM tano, sita, uje, uuzike, niagize mwingine. Nikijaza kontena zima beseni za rangi moja halafu wateja wakazikataa, nitakaa nazo mpaka zipauke.

MZEE KARASHA: Mama, hesabu yako ni nzuri kwa anayeuza vitu vyepesi. Mimi nilichangia mara moja, nikakoma. Niliagiza mapipa kumi ya gololi. Mzigo ulikaa ghalani kule China wiki tatu, ukingoja wengine waje kujaza kontena. Ulipofika Dar, kontena likashikwa kwa sababu mmoja wetu, simjui hata sura, alikuwa na bidhaa zisizolingana na karatasi zake. Karasha zangu zimesimama, vijana wameketi kwenye viroba vya mawe wanacheza bao. Kosa la mtu mmoja, adhabu ya kontena zima.

MAMA VYOMBO: Pole, mzee. Lakini hiyo ilikuwa bahati mbaya.

MZEE KARASHA: Kuchelewa ilikuwa bahati mbaya. Bei haikuwa bahati mbaya. Mapipa kumi ukiyatazama kwa macho hayafiki CBM nne. Walinitoza kumi!

WAKALA: Hapo hawakukuibia, mzee wangu. Kwenye mzigo wa bahari wa kuchangia kanuni ni tani moja au CBM moja, ile iliyo kubwa ndiyo inayolipiwa. Pipa moja la gololi lina karibu tani nzima, na nafasi yake ni kama theluthi ya CBM. Ulilipia uzito.

MAMA VYOMBO: Kumbe! Sasa mimi na beseni zangu?

WAKALA: Wewe unalipia hewa, mama. Na hewa nayo ina ujanja wake. Chukua katoni yenye urefu wa sentimita 60, upana 50, kimo 40. Hiyo ni CBM 0.12. Katoni 50 ni CBM sita kamili. Sasa katoni hizo zikifungwa vibaya zikavimba sentimita tatu tu katika kila kipimo, yaani 63 kwa 53 kwa 43, katoni 50 zinafika CBM 7.18.

MAMA VYOMBO: CBM nzima na zaidi kwa sentimita tatu?

WAKALA: Kwa sentimita tatu. Anayepima ghalani hupima pale palipovimba. Kwa hiyo ukichangia, usiishie kumuuliza muuzaji bei ya beseni. Muulize vipimo vya katoni, umwambie azibane vizuri, na ukitumiwa ankara ya msafirishaji uilinganishe na vipimo hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa Mzee Karasha aliinama akavuta kreti tupu la soda lililokuwa chini ya benchi. Akaokota kokoto za barabarani, akazimwaga ndani kidogo kidogo hadi sakafu ya kreti ikafunikwa, kisha akalinyanyua kwa mikono miwili, akikunja uso makusudi ili tumwone.

MZEE KARASHA: Hili ndilo kontena la futi 20. Ndani lina CBM 33, na ukipanga mzigo wa kawaida unapata kama 28. Mimi nikiweka mapipa 25 ya gololi, yanasimama safu moja tu sakafuni, juu yake ni hewa hadi kwenye bati. Mtu akichungulia atasema nimechezea pesa. Lakini lina tani karibu 25, na ukiongeza nyingi zaidi unaanza kutafuta ugomvi na mizani. Kuanzia Vigwaza kila mzani unakusubiri, na sheria ya Afrika Mashariki haitaki gari na mzigo wake vizidi tani 56. Kwa hiyo kontena langu limejaa, ingawa mnaliona tupu.

WAKALA: Na la mama lingekuwa kinyume chake. Ukijaza futi 40 beseni na ndoo, linajaa hadi mlango unagoma kufunga, na injini ya lori haijui kama imebeba kitu.

MAMA VYOMBO: Basi tuseme hivi, mwanangu: mtu anajuaje kwamba sasa ameacha kuwa wa kuchangia, amekuwa wa kontena zima?

WAKALA: Chukua gharama yote ya kontena zima hadi mlangoni kwako, uigawe kwa bei ya CBM moja ya kuchangia. Ukipata 14, maana yake ukifikisha CBM 14 bei zinalingana, na ya 15 inasafiri bure. Wazoefu wengi kwa futi 20 hutaja 13 hadi 15, lakini namba hiyo haikai mahali pamoja. Mwaka 2021, wakati wa korona, nauli za makontena kutoka China zilipaa mno, na watu waliokuwa wamezoea zima wakarudi kuchangia. Kila unapoagiza, piga hesabu upya.

MZEE KARASHA: Umesema hadi mlangoni. Hapo ndipo watu wa Dar wanapotuacha. Mlango wao uko Kariakoo, wangu uko Geita.

WAKALA: Ni kweli, mzee. Mzigo wa kuchangia unafunguliwa Dar. Unatolewa, unatenganishwa, halafu unatafuta lori la kwenda Kahama, unapakiwa tena na vijana wasiojua kwamba ndani ya katoni mna chupa za chai. Unapakiwa na kushushwa mara nyingi kuliko wa kontena zima. Kontena zima linaweza kuja na lakiri yake hadi hapa.

MAMA VYOMBO: Na likishafika hapa?

WAKALA: Likishafika hapa, mama, ni la mwenye meli. Anataka arudishiwe Dar, likiwa tupu, ndani ya siku alizokupa. Zikipita, saa inaanza kuhesabu kwa dola. Watu wa bandarini wanaiita dimareji, na imewahi kula faida ya kontena zima zima. Ndiyo maana wengi wanalifungua Dar, wanahamishia mzigo kwenye semi, kontena wanaliacha hukohuko. Ukilileta hadi Kahama, ujue mapema litarudi na nini. Gari likirudi na mchele au pamba, nauli inagawanyika. Likirudi na upepo, umelipia safari mbili.

MZEE KARASHA: Na Isaka je? Bandari kavu ipo hapo, mtu wa pale akiamka asubuhi anasikia honi ya treni. Gololi na treni ni ndugu.

WAKALA: Kwa mzigo mzito, reli ni ya kuulizia bei kila mara. Reli ya zamani inafika Isaka, na bandari kavu ile imehudumia zaidi mizigo ya Rwanda na Burundi. Ile mpya ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024. Huku kwetu bado ni ujenzi. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, mkataba wake ulisainiwa Januari 2021. Siku treni ile ikianza kushusha makontena Isaka, hesabu ya benchi hili itabadilika yote. Kwa sasa tuhesabu kwa kilichopo.

MAMA VYOMBO: Mmenionyesha ubaya wa kuchangia, sawa. Lakini hamjanijibu kuhusu mtaji. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye pesa ya kibaba kizima mara moja ni nani hapa?

MZEE KARASHA: Na kibaba chako unakijaza na nani? Hilo ndilo ninalouliza mimi. Ukichangia unakuwa mpangaji kwenye nyumba ambayo huwajui wapangaji wenzako. Mmoja anaweza kuwa amebeba kitu cha hatari na wewe hujui.

WAKALA: Hilo si la kufikirika. Huku machimbo watu wanahitaji kemikali. Nimewahi kuulizwa na mwenye mtambo wa kuchenjulia marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, kama anaweza kuchomeka ngoma mbili za sayanaidi kwenye kontena la kuchangia, ziandikwe dawa ya kusafishia. Nikamwambia kaka, hiyo ni sumu. Ina kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, ina alama zake, ina taratibu zake melini na barabarani. Ukiificha katikati ya sufuria za kupikia uji wa watoto, hapo si forodha tena, ni roho za watu.

MAMA VYOMBO: Eee Mungu wangu. Na bima? Maana msafirishaji wangu kila siku ananiambia bima ni hiari yangu. Mimi namjibu beseni haliwezi kuzama!

WAKALA: Linaelea kweli, mama. Lakini kumbuka Machi 2021, meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez siku sita. Haikuzama, na mizigo haikulowa. Hata hivyo wenye meli walitangaza kwamba gharama za kuinasua zigawanywe kwa wote wenye mali ndani yake, na mwenye mzigo bila bima alitakiwa kuweka dhamana kwanza ndipo aupate. Desturi hiyo ya bahari ni ya zamani kuliko kontena lenyewe. Inamkuta mwenye kontena zima na mwenye katoni tatu. Tena sheria yetu inataka bima ya mzigo unaoingia nchini ikatwe kwa kampuni za hapa ndani. Kwa hiyo muulize msafirishaji akuonyeshe karatasi, asikupe maneno.

MZEE KARASHA: Karatasi! Hapo ndipo wachangiaji wanapoumia. Mama, ulipochukua mzigo wa mwisho, ulipewa kadhia yako?

MAMA VYOMBO: Nilipewa risiti ya msafirishaji. Imeandikwa CBM sita, vyombo.

WAKALA: Hiyo ni risiti ya nauli, mama. Kadhia ni tamko la forodha, linalosema bidhaa hizi ni za nani, thamani yake kiasi gani, zimelipiwa ushuru gani. Kama msafirishaji ametoa kontena zima kwa jina lake, wewe dukani una mali ambayo kwa karatasi si yako. Ofisa wa TRA akiingia akakuuliza bidhaa umezitoa wapi, utamwonyesha nini? Migomo ya wafanyabiashara Kariakoo, Mei 2023 na Juni 2024, ilikuwa na malalamiko mengi ya kodi na kamatakamata, na mimi siwatetei walioonea watu. Lakini mwenye kadhia ana cha kusimamia.

MAMA VYOMBO: Basi nikitaka kadhia yangu ni lazima nichukue kontena zima?

WAKALA: Hapana. Unaweza kuchangia na ukawa na hati yako ya shehena chini ya ile kubwa ya kontena, kwa TIN yako, na kadhia yako. Inagharimu kidogo zaidi, na msafirishaji wa bei ya mkato hapendi. Ile bei tamu ya «kila kitu ndani» mara nyingi utamu wake unatoka hapo.

Kimya kikapita. Mama Vyombo akalitazama kreti la kokoto, akainuka, akachukua vikombe vya plastiki vitupu vilivyokuwa mezani, akaanza kuvipanga juu ya kokoto kimoja kimoja mpaka kreti likajaa. Kisha akamwambia mzee alinyanyue tena.

MZEE KARASHA: Uzito uleule.

MAMA VYOMBO: Ndiyo hivyo. Wewe umejaza mizani, nafasi imebaki. Mimi nahitaji nafasi, mizani sina haja nayo. Kwa nini nichangie na watu nisiowajua wakati wewe unasafirisha hewa kuja Kahama kila unapoagiza? Gololi chini, mabeseni juu.

MZEE KARASHA: Mayu, wewe ulipaswa kuzaliwa mwenye meli.

WAKALA: Wazo zuri, na mimi kazi yangu ni kulitia mchanga. Kwanza, jina. Mkitumia TIN ya mzee peke yake, mwisho wa mwaka TRA itaona mzee ameagiza gololi na mabeseni, na itauliza mauzo ya mabeseni yako wapi. Kila mmoja awe na hati yake na kadhia yake. Pili, ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa zenu si lazima ziwe ngazi moja. Orodha iwe ya kweli hadi kijiko cha mwisho, maana kadhia moja ikikwama na nyingine inasubiri.

MAMA VYOMBO: Hilo tunaliweza. Mzee namjua nyumbani kwake. Akinidanganya namfuata.

WAKALA: Tatu, na hili ndilo gumu. Mzee, gololi zako zinatoka wapi?

MZEE KARASHA: Kiwanda kiko Anhui. Zinapakiwa Shanghai.

WAKALA: Na mabeseni yako, mama?

MAMA VYOMBO: Guangzhou.

WAKALA: Kati ya Guangzhou na Shanghai kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Ni kama kutoka hapa hadi Dar. Mkiyapeleka mabeseni Shanghai kwa lori, faida yote imeishia China. Itabidi mama ahamie soko la Yiwu, mkoa wa Zhejiang, jirani na Anhui. Plastiki kule zipo tele. Lakini ni muuzaji mpya, sampuli mpya, na uaminifu wa kuanza upya.

MZEE KARASHA: Tena mimi naagiza mara mbili kwa mwaka tu.

MAMA VYOMBO: Na mimi siwezi kufunga duka nikisubiri gololi zako ziishe. Basi nitafanya hivi. Vyombo ambavyo najua vinatoka kila msimu, beseni na ndoo, vitapanda juu ya gololi, mara mbili kwa mwaka, kabla ya wakulima kupata pesa na kabla ya Krismasi. Vitu vya kujaribu, rangi mpya, mtindo mpya, nitachangia CBM mbili tatu na wageni kama kawaida. Ila nitadai kadhia yangu.

MWANDISHI: Nami niongeze neno langu kabla chai haijapoa. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipoipeleka meli ya Ideal-X kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58, faida kubwa ilikuwa kwamba sanduku halifunguliwi njiani. Kuchangia ni kulifungua tena lile sanduku ili mwenye mtaji mdogo naye apite, na kwa hilo sina ugomvi nako. Maduka mengi ya Kahama yasingekuwepo bila njia hiyo. Ninachokiona kwenye benchi hili ni kwamba sisi watu wa mchezo na VICOBA tunajua tangu zamani kwamba kuchangia si tatizo. Hakuna anayecheza upatu na asiowajua. Ila tukifika kwenye kontena tunaisahau elimu yetu, tunampa mgeni mwenye ofisi nzuri pesa ya msimu mzima kwa risiti isiyo na jina la bidhaa. Mwaka 2017 tuliuliza humo ndani mna nini. Mwenye kuagiza leo ana swali la pili la kuuliza: humo ndani nimo na nani?

WAKALA: Na la tatu, kontena litarudi lini.

Alikuwa hajamaliza kucheka mama ntilie alipotokea na kitambaa begani, akasimama mbele ya kreti lenye kokoto chini na vikombe juu.

«Jamani, hilo kreti la kampuni ya soda. Lori lao linapita saa kumi na moja, na nisipolirudisha wananikata. Vikombe vyangu navyo vina mchanga. Nani analipa?»

Mzee Karasha alimtazama Mama Vyombo. Mama Vyombo alimtazama Wakala. Wakala akatoa noti mfukoni, akaiweka mezani.

«Umeiona, mzee wangu? Hiyo ndiyo dimareji.»